Mafuta Yakimwagika Majini

Kila mtoto anayemsaidia mama yake jikoni ajua ya kuwa mafuta na maji hayapatani. Mimina mawese kidogo katika sufuria ya maji: yatapanda juu na kukaa huko, hata ukoroge namna gani. Jambo hili dogo la jikoni ndilo asili ya taabu kubwa iliyowapata watu wa pwani nyingi za dunia, tangu merikebu zilipoanza kuchukua mafuta ya petroli kwa maelfu ya tani. Merikebu ikipasuka, mafuta hupanda juu ya maji, upepo huyatandaza, mkondo huyachukua, na siku chache baadaye yako ufukoni, meusi, mazito, yanukayo. Hapo watu hukimbilia ndoo na majembe, na wakubwa hukutana kuuliza: tuyaondoeje?

Pengine msomaji wa Goma atasema: hayo ni mambo ya bahari, na bahari iko mbali nasi, mwendo wa siku nyingi kwa lori. Ni kweli. Lakini mafuta hayachagui maji ya chumvi. Mabato yaendayo Bukavu na Idjwi yaenda kwa mazuti. Ziwa Edouard, lililo kaskazini yetu ndani ya Hifadhi ya Virunga, limekwisha kutafutwa mafuta chini yake. Ng'ambo ya pili, katika ufuko wa Ziwa Albert upande wa Uganda, visima vimechimbwa kwenda chini ya ziwa lenyewe. Basi afadhali tujue mapema yale ambayo wengine wamejifunza kwa gharama kubwa. Na mwenye kuyasoma mambo yao kwa utulivu ataona ya kuwa njia zote za kusafisha, hata zikiwa na majina mengi, ni za namna mbili tu. Ziko zinazoyaondoa mafuta katika maji, na ziko zinazoyaondoa mbele ya macho yetu tu. Mara nyingi watu wamezichanganya.

Kwanza tuelewe kidogo tabia ya mafuta yenyewe. Mafuta yatokayo ardhini, ambayo hayajasafishwa kiwandani, ni mchanganyiko. Ndani yake mna sehemu nyepesi kama esansi, ambayo huruka hewani katika siku moja au mbili, na mna sehemu nzito kama lami, ambayo haiendi popote. Mawimbi yakiyapiga, mafuta hunywa maji na kuumuka kama unga wa mkate, mpaka kiasi chake kinakuwa mara tatu au nne ya kile kilichomwagika. Yakifika hapo ni uji mzito wa rangi ya kahawia, usioshika moto na usiopita katika pampu. Kwa hiyo anayetaka kuyakamata hana wiki mbili za kufanya mikutano. Ana siku mbili au tatu.

Tena yako mambo ya vijidudu. Katika maji yote mna vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula mafuta kama sisi tulavyo ugali. Ndivyo hasa vinavyomaliza kazi mwishoni, kokote duniani. Lakini kazi yao ni ya miezi na miaka, nao wataka hewa, joto na chakula kingine kama mbolea. Jambo hili la hewa tulishike, maana tutalirudia tutakapofika ziwani kwetu.

Msiba uliofungua macho ya dunia ulitokea tarehe 18 Machi 1967. Merikebu iitwayo Torrey Canyon ilikuwa ikitoka Kuwait kwenda Uingereza, nayo ilibeba mafuta karibu tani 120,000. Nahodha alitaka kufupisha njia asichelewe kuingia bandarini, akapita karibu na miamba iitwayo Seven Stones, kusini-magharibi ya Uingereza, kati ya visiva vya Scilly na jimbo la Cornwall. Merikebu ikapanda juu ya mwamba mchana kweupe, ikakaa hapo. Hakuna serikali hata moja iliyokuwa imepata kuona mafuta mengi namna ile yakimwagika mara moja karibu na pwani, wala hapakuwa na kitabu cha kuonyesha la kufanya. Basi wakajaribu yote.

Kwanza Waingereza walituma manowari kunyunyiza dawa ya sabuni juu ya mafuta. Kisha, merikebu ilipoanza kuvunjika, walituma ndege za vita. Kwa muda wa siku tatu, kuanzia tarehe 28 Machi, marubani waliiangushia mabomu, mafuta ya ndege na moto wa napalm, ili yale yaliyobaki ndani yaungue. Mabomu mengine yalikosa shabaha, na moto ulizimwazimwa na maji ya bahari iliyochafuka, lakini mwishowe merikebu ikazama. Watu wengi duniani wanaikumbuka picha ya moshi ule mweusi. Mimi naona ya kuwa mabomu hayakuwa jambo kubwa katika habari hii. Jambo kubwa lilitendeka pwani, nalo lilitendeka kwa nia njema kabisa.

Pwani za Cornwall ni mahali ambapo watu wa mijini huenda kupumzika wakati wa joto, na watu wa huko hupata riziki yao kwa wageni hao. Sikukuu ya Pasaka ilikuwa imekaribia. Kila mtu alitaka mchanga uwe mweupe upesi. Askari na raia wakaleta mapipa na mapipa ya ile dawa ya sabuni, wakaimwaga juu ya miamba na mchanga, kisha wakaisukuma kwa maji ya mpira. Wataalamu waliohesabu baadaye walikuta kwamba dawa yapata tani 10,000 ilitumika kwa mafuta yapata tani 14,000 yaliyofika ufukoni. Hesabu hiyo yashangaza: karibu kikombe cha dawa kwa kikombe na nusu cha mafuta!

Mafuta yakatoweka machoni. Lakini wenye elimu ya viumbe vya bahari, wa chuo kilichoko Plymouth, waliacha kazi zao nyingine zote, wakaenda ufukoni kutazama mwamba kwa mwamba. Wakaona kwamba pale palipofika mafuta peke yake, konokono wengi wadogo washikao miamba walikuwa bado hai, hata wengine walianza kuyakwangua mafuta wakiendelea kula mwani wao. Pale palipomwagwa dawa, karibu wote walikufa. Ile dawa, pamoja na vimiminiko vilivyotiwa ndani yake ili ishike mafuta, ilikuwa sumu kuliko mafuta yenyewe. Konokono walipokwisha kufa, mwani ukamea bila wa kuula, ukafunika miamba kama majani ya shamba lililoachwa.

Palikuwapo mahali pamoja, paitwapo Godrevy, ambapo dawa haikutumiwa, kwa sababu watu waliwahurumia sili wanaoishi hapo. Huko mafuta yaliachwa yapigwe na mawimbi na kuliwa na vijidudu. Baada ya miaka miwili au mitatu mwamba ulikuwa umerudia hali yake. Pwani zilizosafishwa sana kwa dawa zilihitaji miaka kumi na zaidi, na nyingine zipatazo kumi na mitano. Wenye elimu walirudi mahali pale pale mwaka baada ya mwaka kuhesabu konokono, kazi isiyo na sifa wala fedha nyingi, na bila uvumilivu wao tusingejua neno hili hata leo.

Wafaransa, ambao mafuta ya merikebu ile ile yaliwafikia upande wa Bretagne, walishika njia nyingine. Wao walikuwa na mashamba ya chaza baharini, wakaogopa dawa itawaua. Ufukoni wakatumia majani makavu, vichaka vya miiba na mikono ya watu: majani hunyonya mafuta, kisha huzolewa kwa uma wa shambani. Na huko mbali baharini wakanyunyiza unga wa chaki, yapata tani 3,000, ambao uligandamana na mafuta ukayazamisha. Watu wakafurahi, maana bahari ilionekana safi. Lakini mafuta yaliyozama hayakuondoka; yamehama ghorofa tu, kutoka mahali pa ndege kwenda mahali pa samaki wa chini. Leo nchi nyingi hazikubali tena njia hiyo ya kuzamisha.

Na katika kisiwa cha Guernsey, kilichopo kati ya nchi hizo mbili, walifanya lililo la akili kuliko yote, au ndivyo walivyodhani. Waliyanyonya mafuta kwa magari ya kunyonya uchafu, wakayamwaga katika shimo la zamani la kuchimbia mawe. Basi! Kazi imekwisha. Lakini mafuta yakakaa mle shimoni zaidi ya miaka 40. Ndege walitua wakidhani ni maji, wakanasa na kufa. Mnamo mwaka 2010 ndipo walipotia vijidudu vya kula mafuta na kuvipulizia hewa ili kazi imalizike. Nitalirudia shimo hili, maana latuhusu sisi watu wa Goma kuliko tunavyofikiri.

Miaka kumi na moja baada ya Torrey Canyon, tarehe 16 Machi 1978, Bretagne ilipigwa tena, na mara hii vibaya zaidi. Merikebu Amoco Cadiz iliharibikiwa na usukani, ikasukumwa na dhoruba hadi miamba ya Portsall, na mafuta yake yote zaidi ya tani 220,000 yakamwagika. Wakulima walikuja na matela yao ya kunyonya mbolea ya ng'ombe, askari wakaja na ndoo. Walizoa kwa mikono, na kazi yao yastahili heshima. Lakini tazama jambo moja. Katika vinamasi vya Île Grande, penye majani yameayo katika maji ya chumvi, watu waliingiza mashine nzito, wakakwangua tope lote lenye mafuta na kulichukua mbali. Vinamasi vilivyoachwa vilipona katika miaka michache. Vile vilivyokwanguliwa vilichelewa sana, kwa maana pamoja na mafuta waliondoa udongo, mbegu na mizizi. Kumbe hata kuondoa kwaweza kupita kiasi, ikiwa waondoao hawajui ni wapi pa kusimama.

Neno hilo hilo liliandikwa upya huko Alaska, kaskazini kabisa ya Amerika. Usiku wa tarehe 24 Machi 1989 merikebu Exxon Valdez ilipanda mwamba, ikamwaga yapata tani 37,000. Siku mbili na zaidi bahari ilikuwa shwari kama maji ya beseni. Katika siku hizo walijaribu kuchoma: mashua mbili zilivuta ukuta unaoelea usioshika moto, zikakusanya mafuta katikati, zikayawasha, na mengi yakaungua katika muda usiofika saa moja. Lakini vyombo vya kutosha havikuwapo tayari. Kisha dhoruba ikaja, mafuta yakanywa maji, na moto haukuwezekana tena. Neno nililosema la siku mbili au tatu, msomaji, hapa ndipo lilipothibitika.

Hapo ikabaki pwani. Watu wapatao 11,000 waliajiriwa. Wakaosha mawe kwa maji ya moto, yenye joto la digrii 60, yakisukumwa kwa nguvu nyingi. Nani angeweza kuishi katika maji kama hayo? Chaza, kome na mwani vilipikwa. Wenye elimu walikuwa wameomba sehemu chache ziachwe bila kuoshwa, ili zilinganishwe. Nao katika miaka ya kwanza waliona viumbe vingi zaidi kwenye mawe yasiyooshwa. Njia iliyofaa zaidi ilikuwa ya kimyakimya: walitia mbolea ufukoni, kama mkulima atiavyo shambani, ili vijidudu vilao mafuta viongezeke. Hata hivyo, yale yaliyopenya chini ya changarawe, mahali hewa isipofika, yalikuwa bado yakichimbuliwa baada ya miaka mingi, na harufu yake ile ile.

Sitakaa sana kwenye vita vya Ghuba vya mwaka 1991, ambapo mafuta ya Kuwait yalifunguliwa kwa makusudi yakaingia baharini, mapipa milioni kadhaa. Huko kuta za kuelea ziliwekwa hasa mbele ya mitambo inayogeuza maji ya bahari kuwa maji ya kunywa. Hilo lilikuwa chaguo la busara: huwezi kuilinda pwani yote, basi linda kwanza midomo ya watu.

Katika Ghuba ya Mexico, tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa kuchimba Deepwater Horizon ulilipuka, wafanyakazi 11 wakafa, na kisima kilicho chini ya maji ya kina cha mita 1,500 kikatapika mafuta siku 87. Hapo dunia tajiri ilileta kila chombo ilichokuwa nacho. Palichomwa mioto zaidi ya 400. Palikuwa na maelfu ya mashua. Na matokeo? Kwa hesabu ya serikali ya Marekani yenyewe, mafuta yaliyochomwa yalikuwa kama asilimia 5 ya yote, na yaliyokombwa juu ya maji kama asilimia 3. Sehemu kubwa kuliko hizo ilinaswa kwa mabomba pale pale kisimani, kabla haijasambaa. Tena walimwaga dawa ya kutawanya mafuta, lita karibu milioni 7, nyingine juu ya maji na nyingine kule chini kabisa kisimani, jambo ambalo halikuwa limefanywa kwa kiasi hicho.

Hapa yafaa tuwe wa haki. Dawa za leo si sumu kama zile za mwaka 1967, na hazifanyi kazi ya bure. Huvunja mafuta yawe matone madogo sana, ambayo huchanganyika na maji, na vijidudu huyala upesi zaidi. Katika bahari kuu, yenye kina na mikondo, ambako ndege wengi wanaelekea kufa juu ya maji, dawa yaweza kuwa uchaguzi ulio afadhali kuliko mafuta kufika kwenye mikoko. Wenye elimu bado wabishana juu ya yale yaliyofanyika kule chini ya Ghuba ya Mexico. Lakini wote wakubaliana kwamba dawa haiondoi mafuta. Huyahamisha kutoka juu kwenda ndani, na yule atumiaye dawa hukubali kumpa samaki mzigo ili kumpunguzia ndege. Katika maji mengi mzigo huo wagawanyika ukawa mdogo. Katika maji machache je?

Pwani yetu ya Afrika ya Mashariki nayo imeonja. Mwaka 1988, huko Mombasa, hodhi la mafuta lilitoboka na mafuta yapata tani 5,000 yakaingia katika hori ya Makupa. Mikoko ikafa. Mti wa mkoko hupumua kwa mizizi iliyo juu ya tope. Ukipakwa mafuta ni kama mtu aliyezibwa pua na mdomo. Hapo hakuna maji ya moto wala dawa ifaayo, na mashine zikiingia hukanyaga mafuta yakazama ndani zaidi ya tope.

Lakini habari nipendayo kuliko zote ni ya kisiwa cha Mauritius. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wajapani iitwayo Wakashio, iliyokuwa ikipita bila shehena kwenda Brazil, ilipanda mwamba karibu na Pointe d'Esny. Haikuwa meli ya mafuta. Ilikuwa na mafuta ya injini yake tu, yapata tani 4,000. Siku kumi na mbili ilikaa mwambani huku watu wakiitazama, kisha tarehe 6 Agosti ikaanza kuvuja. Watu wa Mahébourg na vijiji vya jirani hawakungoja amri. Walichukua majani makavu ya miwa, maana ni nchi ya sukari, wakayajaza katika magunia na katika vitambaa vilivyoshonwa kuwa mirija mirefu, wakatia chupa tupu za plastiki ili vielee. Wengine walikatwa nywele zao, maana nywele hunyonya mafuta na hazinyonyi maji, zikatiwa ndani ya soksi ndefu za wanawake. Kuta hizo za kuelea zikavutwa baharini na mitumbwi ya wavuvi. Wakati huo huo mafundi walikuwa wakipampu mafuta yaliyosalia melini, na kufikia siku ilipovunjika vipande viwili, tarehe 15 Agosti, yapata tani 3,000 zilikuwa zimekwisha kutolewa. Yaliyomwagika yalikuwa yapata tani 1,000.

Tazameni hesabu hii kwa makini, maana yasemwa mara chache. Magunia ya majani ya miwa yalizuia mafuta mengi yasiingie kwenye mikoko. Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa ya zile pampu. Tani tatu kati ya nne hazikuhitaji kusafishwa, kwa kuwa hazikumwagika. Na ile tani ya nne nayo ingaliokolewa, lau siku zile kumi na mbili zingalitumiwa vizuri.

Sasa turudi kwetu. Ziwa Kivu lina kina cha mita zipatazo 485, lakini wakazi wake wote, samaki kwa samaki, wanaishi katika tabaka la juu tu. Chini ya mita kama 60 hakuna hewa ndani ya maji. Mna gesi nyingi, ile ya metani na ile ya kaboni, zilizofungiwa kilindini. Sambaza wetu, walioletwa kutoka Tanganyika mnamo miaka ya 1958 hadi 1960, hawawezi kushuka huko. Fikiri basi ikiwa mtu angeyazamisha mafuta hapa kwa unga wa chaki, kama walivyofanya Wafaransa. Yangekwenda mahali ambapo vijidudu vyenye kuhitaji hewa haviwezi kuyala, yakae huko muda ambao watoto wa wajukuu wetu hawatauona mwisho wake. Na ikiwa angemwaga dawa ya kutawanya? Matone yangebaki katika tabaka lile lile la juu, ambamo sambaza huzaliana, na ambamo watu wa Goma huteka maji kwa bidoni asubuhi na jioni. Maji ya ziwa letu yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi, nao wapeleka Tanganyika.

Ziwa Edouard ni jingine tena. Lenyewe halina kina kirefu, mita 117 hivi palipo chini kabisa, na wavuvi wa Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma wanaishi kwa tilapia wake. Kampuni ya Waingereza iitwayo SOCO ilipewa ruhusa na serikali ya Kongo mwaka 2010, ikapima chini ya ziwa kwa mitetemo mwaka 2014, na katika Juni ya mwaka huo ikakubali kuacha, baada ya kelele nyingi za watu wa hapa na wa nje. Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza tena mnada wa vitalu 27 vya mafuta, vingine vikigusa Virunga, kisha ikaufuta mnada huo mwezi wa Oktoba 2024. Maji ya Edouard huenda kwa mto Semliki hadi Ziwa Albert, na kutoka hapo Nile. Sheria kubwa za mataifa zilizozaliwa baada ya Torrey Canyon, za fidia mwaka 1969 na za kuzuia uchafu mwaka 1973, ziliandikwa kwa ajili ya merikebu za baharini. Mvuvi wa Vitshumbi hatapata msaada mwingi humo.

Kwa hiyo, katika maziwa yetu, njia za kuficha hazifai hata kidogo, na njia za kuondoa ni chache: kuzingira kwa kuta za kuelea, kukomba, kunyonya kwa vitu vikavu, na mahali pa matete kuacha mkono. Ukuta wa kuelea hufanya kazi katika maji yaliyotulia. Mkondo ukienda kasi, mafuta hupita chini yake. Kwa jambo hilo maziwa yana nafuu kuliko bahari, siku isipokuwa na upepo. Na vitu vya kunyonya havikosekani kwetu: majani makavu ya migomba, mafunjo, matete, nyasi za kuezekea. Vikiwekwa vikavu katika magunia bandarini, vyaweza kutumika saa ile ile. Vikitafutwa baada ya ajali, ni kuchelewa.

Lakini neno la hadhari juu ya esansi. Haya niliyosema ni ya mazuti na ya mafuta mazito. Esansi ni kitu kingine: huruka hewani upesi, na mvuke wake ukikutana na cheche hulipuka. Goma yajua. Nyiragongo ilipoteremsha moto wake mjini tarehe 17 Januari 2002, siku chache baadaye kituo kimoja cha mafuta kililipuka huku watu wakichota yaliyomo, na makumi wakafa. Esansi ikimwagika majini au nchi kavu, kazi ya kwanza ni kuwaondoa watu na kuzima kila moto. Asiende mtu na ndoo.

Limebaki lile shimo la Guernsey. Aliyekomba mafuta, je, atayaweka wapi? Majani yaliyolowa, mchanga mweusi, magunia, vyote hivyo vina mafuta ndani yake, na uzito wake wapita uzito wa mafuta yaliyomwagika. Mahali pengine watu huchimba shimo wakafukia. Lakini Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, yenye matundu na nyufa. Mvua inyeshapo mjini, maji hayakai. Hupenya na kushuka, na njia yake ni ya kuelekea ziwani. Mafuta yakifukiwa katika mawe hayo yatafuata njia ile ile. Hapa kwetu yafaa yatiwe katika mapipa ya chuma yenye vifuniko, yawekwe juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo, mpaka yapate mahali pa kuchomwa kwa tanuri. Mapipa hayo, na sakafu hiyo, vyatakiwa viwepo kabla ya ajali.